Tete Muchaneta na Jina la Ukoo wa Mhunzi

Hamjambo wasikilizaji wapendwa. Mlioko shambani, mlioko jikoni, na wewe uliyeegemea baiskeli pale dukani ukijifanya unasubiri chumvi. Punguzeni sauti za watoto, ongezeni sauti ya redio. Leo tuna mtu wa kumkumbuka.

Mtu huyo ni Muchaneta Chuma, binti wa ukoo wa Makuvire. Alizikwa Alhamisi iliyopita kijijini Zvamatombo, ng'ambo ya mto Devure. Alikuwa na miaka themanini na minne. Wengi tulimwita Tete, yaani shangazi, hata sisi ambao kaka yake hakutuzaa. Alikuwa na sura ya kuitwa hivyo, na sauti pia.

Tunamkumbuka kwa jambo moja kubwa. Tete Muchaneta alitumia miaka miwili kuutafuta ukoo wa kweli wa babu wa baba yake. Nasema tena kwa waliochelewa kuwasha redio: miaka miwili, akiwa na umri wa miaka sabini, na goti moja bovu. Na alipoanza, alijua wazi kwamba jibu lingeweza kumvunjia heshima yeye mwenyewe.

Tuanzie wodini. Kwa miaka thelathini na mmoja, Tete alifanya kazi ya kupokea watoto katika hospitali ya misheni. Mtoto akitoka tu, hata kitovu hakijakatwa, Tete alimwuliza mama yake, "Huyu tumshukuruje?" Maana kwetu sisi mtu hashukuriwi kwa asante tupu. Anashukuriwa kwa ukoo wake, kwa mnyama wake, kwa sifa za waliomtangulia. Asante tupu kwa mtu mzima ni sahani isiyo na chakula. Kwa hiyo Tete alizijua koo zote za kata tatu, kichwani, bila daftari.

Mimi mwenyewe alinipokea. Mama yangu anasema nilianza kulia hata kabla sijamalizika kutoka, na Tete akasema, "Huyu atakula kwa mdomo wake." Haya, ndiyo mnanisikia.

Yeye na ndugu zake walikuwa watu wa Dziva, ukoo wa maji. Watu wa Dziva hawali samaki. Kila Ijumaa jiko la hospitali lilipika dagaa, na kila Ijumaa Tete alikula sadza, ugali wetu, kwa mboga za majani, ameupa mgongo mlango ili harufu isimfikie. Na tena, watu wa Dziva hawaoani wenyewe kwa wenyewe. Hao ni kaka na dada, hata kama hawajawahi kuonana. Wanaooana hivyo wana jina lao, na sitalitaja saa hizi watoto wakiwa macho.

Mwaka 1963 Tete aliolewa na Jairosi Chuma, fundi wa magari ya ng'ombe. Jairosi alikuwa mtu wa Shumba, ukoo wa simba. Walikaa pamoja miaka arobaini na mmoja, wakazaa wanne, mpaka Jairosi alipofariki. Mkumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa: mumewe alikuwa Shumba.

Sasa tuingie mwaka 2009. Kaka yake Tete, mzee Josaya, fundi mwashi, ana binti aitwaye Chiedza. Chiedza amempata mchumba, Tafara, seremala, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Amempeleka nyumbani. Josaya anamwuliza kijana ni wa ukoo gani. Kijana anapiga makofi ya heshima na kusema, "Dziva, baba."

Josaya akaweka kikombe chini.

"Chiedza," akasema, "unataka nipokee ng'ombe wa mahari kutoka kwa kaka yako?"

"Baba, simjui, hanijui, tumekutana kwenye semina!"

"Kwani ndugu lazima mkutane tumboni?"

Kijana akaondoka bila kumaliza chai. Chiedza akakimbilia kwa shangazi yake, kama wafanyavyo mabinti wetu wote, maana mambo ya ndoa kwetu ni ya Tete. Alitegemea huruma. Hakuipata.

"Mwanangu," Tete akamwambia, "wanaume wamejaa nchi nzima kama panzi, nawe umekwenda kuchagua kaka yako?"

"Basi sitakula."

"Usinitishie tumbo lako. Nimewaona wenye njaa ya kweli."

Chiedza alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha kulia, akakaa kimya tu, na Tete mwenyewe aliwahi kukiri kwamba kimya kile ndicho kilichomtesa. Lakini mwiko ni mwiko. Mambo yakaishia hapo.

Yangeishia hapo, kama si msiba.

Mwezi uliofuata alifariki binamu mmoja wa ukoo wa Makuvire. Mnajua kwetu: maiti haitoki nyumbani bila mtani wa ukoo, yule tunayemwita sahwira. Mtani wa Makuvire alikuwa mzee Gwatidzo, na baba yake alikuwa mtani wao, na babu yake vilevile. Gwatidzo akavaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, akawageukia wafiwa.

"Lieni, lieni, wakwe wa maji! Mlikuja na nyundo na njaa! Mkapewa mke, mkaona haitoshi, mkachukua na samaki wa kutokula!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ulikuwa utani wa siku zote. Ulisemwa kwenye maziko ya babu yake Tete. Ulisemwa kwenye maziko ya baba yake. Tete aliucheka tangu ananing'inia kwenye nguo ya mama yake. Na hapo ndipo kosa letu lilipo. Mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Basi kwa kuwa hatukasiriki, hatusikilizi. Vizazi vitatu vilikuwa vinaambiwa jambo usoni, vinacheka, vinakwenda kula.

Siku ile Tete hakucheka. Alimsubiri Gwatidzo kwenye mtungi wa pombe.

"Gwatidzo, lile neno la nyundo umelitoa wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Naye?"

"Kwa baba yake. Kwani mimi nina kiwanda cha matusi?"

"Maana yake nini?"

"Tete, kazi yangu mimi ni kutukana. Maelezo kaulize wenye akili."

Tete akamnyang'anya kibuyu cha pombe mkononi, akakificha nyuma ya mgongo wake. "Utakunywa ukishasema."

Gwatidzo akasema. Na alichosema ni hiki.

Makuvire, yule ambaye ukoo mzima unabeba jina lake, hakuwa mtu wa huku. Alitoka upande wa mlima Hwedza, mwaka wa nzige, peke yake, na nyundo begani. Alikuwa mhunzi. Watu wa ng'ambo hii ya mto walikuwa wanalima kwa vijiti na vipande vya majembe yaliyolika. Makuvire akajenga tanuri, akafunga mvukuto, akafua majembe. Yeye ndiye aliyefua jembe la kwanza upande huu wa Devure. Nasema tena: jembe la kwanza. Wazee wa Dziva walimpenda, wakampa binti yao awe mkewe. Lakini homa ikamchukua mapema, watoto wake wakiwa wadogo, hawajui hata kufunga mlango. Hapakuwa na mtu wa upande wa baba wa kuwafundisha sifa za ukoo wao. Wakalelewa na wajomba zao wa Dziva. Wakashukuriwa kama wajomba zao. Wakakua, wakazaa, wakasahau.

"Kwa hiyo sisi si Dziva," Tete akasema.

"Nyinyi ni wapwa wa Dziva waliokaa sana. Nipe kibuyu."

"Ukoo wake yeye ulikuwa upi?"

Hapo Gwatidzo akaangalia kando. "Baba yangu alisema Shumba. Lakini baba yangu alisema mambo mengi."

Tete akamrudishia pombe yake, akaenda kukaa peke yake nyuma ya ghala.

Wasikilizaji wapendwa, mmeliona tatizo? Kama Makuvire alikuwa Shumba, Chiedza yuko huru, aolewe na Tafara wake kesho. Lakini kama Makuvire alikuwa Shumba, basi Tete Muchaneta aliolewa na kaka yake. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa inaitwa lile jina nisilolitaja. Watoto wake wanne wanaitwa hivyo pia. Na Jairosi hayupo kujitetea.

Mzee Josaya hakumsaidia. "Si unaona? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fukia, dada yangu. Fukia mapema, na Gwatidzo tumnunulie pombe asahau."

Wiki tatu Tete hakulitaja jambo lile. Chiedza ananiambia kwamba shangazi yake alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Anaamka, anafagia. Mchana, anafagia. Kisha asubuhi moja akaegemeza ufagio ukutani.

"Chiedza, fua nguo zako mbili. Jumatatu tunapanda basi."

"Twende wapi, Tete?"

"Kwa watu ambao labda hawatutaki."

"Na kama kweli ni Shumba?"

"Maji nimeshayavulia nguo. Acha niyaoge."

Safari ya kwanza haikuzaa kitu. Walifika kijiji ambacho hakijui habari za wahunzi, wakapewa karanga, wakarudi. Safari ya pili, mwaka uliofuata, waliwakuta wahunzi kweli, lakini mzee wa mji ule aliwashuku. Alidhani wamekuja kudai ardhi.

"Mimi nina goti moja, baba," Tete akamwambia. "Hiyo ardhi niilime kwa kidevu?"

Mzee akacheka mwishowe, akawaelekeza mbele zaidi, kijiji cha Mapfuti, chini kabisa ya mlima. Pesa za basi zilikuwa zimekwisha. Wakarudi nyumbani. Tafara, yule seremala, alikuwa bado anasubiri, na mama yake alishaanza kumtafutia mwingine.

Safari ya tatu ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2011. Walifika Mapfuti saa ya jua kali. Walipokelewa na mama mzee sana aitwaye Mbuya, yaani bibi, Ketai, ambaye alikataa kuzungumza mpaka wageni wanywe maji. Kisha akawapeleka nyuma ya mji, palipo na kivuli, wakapita kando ya makaburi. Tete akasimama.

Kila kaburi pale lilikuwa na kipande cha bomba la udongo upande wa miguu, kimesimikwa kati ya mawe.

"Mbuya, hiki ni nini?"

"Mdomo wa mvukuto. Mhunzi hazikwi bila huo. Moto wake lazima upate pa kupumulia."

"Nyumbani kwetu liko kaburi moja lenye hiki," Tete akasema. "Moja tu, la kwanza kabisa. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni shingo ya chungu. Tulikuwa tunatia mchanga humo."

Mbuya Ketai akasema polepole, "Mmoja wetu alikwenda kusini kuuza majembe, mwaka wa nzige. Hakurudi. Mama yake alimwekea chakula kila jioni mpaka naye akafa. Watu walimwona kichaa."

"Aliitwa nani?"

"Makuvire."

Chiedza alipiga ukelele, akajiziba mdomo. Na Tete, yule yule aliyewauliza mamia ya wanawake swali lile lile kwa miaka thelathini na mmoja, siku hiyo alishindwa kuliuliza.

"Tete, uliza," Chiedza akamnong'oneza.

"Uliza wewe. Mimi mdomo umenikauka."

Chiedza akapiga magoti, akapiga makofi kwa viganja vilivyopinda, kama tulivyofundishwa. "Mbuya, tukushukuruje?"

"Nungu," Mbuya Ketai akajibu. "Sisi ni watu wa nungunungu."

"Si Shumba?" Tete akauliza kwa sauti ndogo.

"Shumba?" Mbuya akacheka kwa fizi zake zote. "Shumba ni wakwe zetu hao! Tangu zamani wanatuolea mabinti. Binti wa Nungu akichukuliwa na Shumba, hapa tunapiga vigelegele, maana tunajua amekwenda kwa watu."

Wasikilizaji wapendwa, Tete Muchaneta, mwenye goti lisilokunjika, alikaa chini vumbini, mguu mmoja umenyooka mbele yake. Akavua kitambaa cha kichwa. Akacheka. Akalia. Akacheka tena. Chiedza anasema hakuwahi kumwona shangazi yake bila kitambaa mbele za watu, wala kabla ya siku ile wala baada yake.

"Jairosi!" akaita, kwa nguvu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. "Jairosi, mume wangu, umesikia? Lala, baba. Lala vizuri."

Mbuya Ketai akakaa chini naye, akamfuta uso kwa kanga yake. Hakuhitaji kuelezwa.

Kwenye basi la kurudi, Tete aliwapitia kichwani wake wote walioolewa katika ukoo wa Makuvire, mmoja mmoja na ukoo wake, tangu wa babu yake. Soko. Moyo. Shumba. Gumbo. Nungu hata mmoja hakuna. Akafumba macho akalala mpaka mtoni, mdomo wazi.

Aliyesumbua ni Josaya. Miaka sitini na minne ameshukuriwa kama Dziva, sasa anaambiwa ni nungunungu.

"Mtu akipokea kitu kwangu atanijibu nini?"

"Atakujibu Nungu," dada yake akamwambia. "Na miiba unayo tayari."

Lakini Josaya huyo huyo ndiye aliyesema kwamba hawawezi kuondoka kwa Dziva kimyakimya kama wezi. Waliwapikia pombe, wakawapelekea mbuzi, wakapiga magoti ukoo mzima kuwashukuru kwa kuwalea. Mzee wa Dziva aliwasikiliza, akakuna ndevu.

"Tuliwaazima jina," akasema. "Mmelitumia miaka mia na zaidi, na tazameni, halijachakaa. Mkisikia joto, rudini muoge."

Jioni hiyo, waliporudi kwao, Tete aliletewa samaki kwa mara ya kwanza maishani. Alitafuna. Akatafuna. Akaenda nyuma ya nyumba akatema. "Dziva jinani ametoka," akasema. "Tumboni bado yupo." Hakula samaki mpaka anakufa.

Chiedza na Tafara walioana Disemba ile. Wana watoto watatu, na kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa baba, watatu wote ni Dziva. Wazee wa Dziva wanasema hawakupoteza kitu, walibadilishana tu. Na kila mwezi wa nane basi hutoka Mapfuti limejaa watu wa nungunungu, wanakuja kusalimia kaburi la mtoto wao aliyekwenda kuuza majembe. Watoto hawatii mchanga tena kwenye ule mdomo wa mvukuto.

Alhamisi iliyopita Gwatidzo hakuwepo, alishatangulia. Mtani alikuwa mwanawe. Alivaa kitambaa cha Tete, akachechemea kwa goti moja kuzunguka jeneza, akimwuliza kila mfiwa, "Wewe nawe tukushukuruje?" Na kila mmoja alijibu. Kisha Muchaneta akashushwa chini kwa sifa zake halisi, wa kwanza katika ukoo wa Makuvire tangu Makuvire mwenyewe. Nilikuwepo. Nililia, na sioni aibu.

Kwa mzee Josaya, kwa watoto wanne wa Tete, kwa Chiedza na Tafara, kwa watu wa Mapfuti, kwa Dziva na kwa Shumba: poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa, na kutoka kwa kila mtoto aliyepokelewa kwa mikono ile. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, kuna jambo ambalo nyumbani kwenu mnalicheka kila siku na hakuna anayeuliza limetoka wapi. Unalijua. Nenda ukaulize. Juzi, baada ya maziko, nilimwuliza Chiedza kitu kilichokuwa kinanikera: je, wangeambiwa Shumba pale Mapfuti, Tete angewaambia watu? Akaniambia hata yeye alimwuliza hivyo, mwezi wa sita, akimwosha miguu. Tete aliutoa mguu majini kwanza.

"Ningewaambia watu wote wa kwenye basi," akasema. "Wote, na dereva. Maana kama ningesubiri mpaka nyumbani, nikaiona picha ya Jairosi ukutani, ningenyamaza, nawe ungezeeka peke yako."